Kinundu Kisichouma: Kuelewa Vihatarishi na Dalili za Saratani ya Matiti

Jioni katika soko la Owino, Kampala, mauzo yakishahesabiwa, noti hukunjwa zikapenyezwa kwenye sidiria na safari ya kurudi nyumbani ikaanza. Siku hizi simu nayo hukaa humohumo. Ndipo ukazuka uvumi kwamba noti chafu na mawimbi ya simu ndivyo vinavyowaletea wanawake saratani ya matiti. Hakuna ushahidi wa lolote kati ya hayo mawili. Lakini uvumi hauishi kwa ushahidi. Huu unaishi kwa sababu unajibu swali ambalo kila familia hujiuliza mgonjwa anapopatikana: huyu alifanya nini hata akapata ugonjwa huu?

Mara nyingi jibu ni kwamba hakufanya kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote mahsusi, isipokuwa kuwa wanawake na kuvuka umri wa miaka 40. Kwa hiyo anayesoma orodha ya vihatarishi ili ajue kama yeye yumo au hayumo ataambulia kidogo sana. Orodha hiyo inaeleza kwa nini kundi moja la watu huugua kuliko jingine. Haimtaji mtu kwa jina. Kinachokuhusu wewe binafsi ni badiliko katika titi lako, na idadi ya wiki zitakazopita kabla halijachunguzwa.

Takwimu zilizotolewa mwaka 2024 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, zinashangaza ukizisoma mara ya kwanza. Katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 hugunduliwa kuwa na saratani ya matiti katika maisha yake, na 1 kati ya 71 hufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini hugunduliwa 1 kati ya 27, lakini hufa 1 kati ya 48. Uganda iko karibu na kundi hili la pili kuliko lile la kwanza. Yaani huku wanaougua ni wachache, wanaokufa ni wengi. Vihatarishi vinaeleza uchache wa wanaougua. Wingi wa vifo una maelezo mengine, na tutayafikia.

Miaka ya titi

Ndani ya titi kuna vitezi vinavyotengeneza maziwa na mirija inayoyapeleka kwenye chuchu. Saratani nyingi huanzia kwenye kuta za mirija hiyo. Seli zake hugawanyika, na kila zinapogawanyika hunakili maelekezo yote ya urithi yaliyo ndani yake. Kunakili huko hukosewa mara kwa mara, na mwili hurekebisha makosa mengi. Makosa fulani machache yakikusanyika katika seli moja, seli hiyo huanza kuzaana bila kizuizi.

Homoni ya estrojeni huchochea seli za matiti kugawanyika. Ukishika jambo hilo moja, sehemu kubwa ya orodha ya vihatarishi inaeleweka bila kukariri. Msichana aliyevunja ungo kabla ya miaka 12, na mwanamke ambaye hedhi yake imekoma baada ya miaka 55, wote wamekaa miaka mingi zaidi chini ya mzunguko wa homoni. Asiyezaa, au aliyezaa mtoto wa kwanza baada ya miaka 30, vivyo hivyo. Kuzaa na kunyonyesha huelekea upande mwingine. Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti za nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, juu ya asilimia 7 ya kila uzazi.

Sasa angalia Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanamke alizaa watoto karibu 7 kwa wastani; utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata 5.2, na mijini idadi ni ndogo kuliko vijijini. Wasichana wanakaa shuleni muda mrefu zaidi, wanaolewa wakiwa wamekomaa, na aliyeajiriwa Kampala hurudi kazini mtoto akiwa bado mchanga. Haya ni maendeleo, na sitamsikiliza mtu anayetaka kuyageuza kuwa hoja ya kuwarudisha wasichana nyumbani. Lakini yana bei ndogo kwenye daftari la saratani. Rejesta ya Saratani ya Kampala, ambayo imekuwa ikihesabu wagonjwa tangu miaka ya 1950, ilionyesha kiwango cha saratani ya matiti kikipanda takribani maradufu kati ya mwanzo wa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1990.

Kuna jambo ambalo halisemwi kliniki. Kinga ya uzazi haianzi siku ya kujifungua. Kwa miaka kadhaa baada ya kuzaa, hatari hupanda kidogo kabla ya kushuka. Kwa hiyo mama wa watoto wanne aliyejifungua mwaka jana hana kibali cha kupuuza kinundu, na nitamrudia.

Umri nao una fumbo lake. Husemwa sana kwamba saratani ya matiti huku kwetu ni ugonjwa wa wanawake wa umri mdogo, kwa kuwa wagonjwa wengi wa Uganda wana miaka ya 40, wakati Ulaya wengi wamevuka 60. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni hesabu ya watu tu. Nusu ya Waganda hawajafika hata miaka 18. Katika nchi ambayo wazee ni wachache, wagonjwa wazee watakuwa wachache hata kama kila mmoja wao yuko katika hatari kubwa kuliko binti yake. Na kweli yuko: hatari ya mtu mmoja mmoja huongezeka kadiri anavyozeeka, Kasese kama London. Bibi wa miaka 65 ndiye anayesahaulika kabisa. Huendi naye kliniki kwa sababu hazai tena, na yeye mwenyewe hasemi, kwa kuwa kumwonyesha daktari kijana kifua chake ni aibu.

Hata hivyo si hesabu ya watu peke yake. Ipo aina ya saratani ambayo seli zake hazina vipokezi, yaani mahali pa kunasia homoni, vya estrojeni wala vya projesteroni, wala protini iitwayo HER2. Madaktari huiita hasi tatu. Hukua kwa kasi, dawa za kuzuia homoni haziisaidii, na huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na kwa walio chini ya miaka 50. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 34 hapaswi kuambiwa "wewe bado mdogo" bila kupimwa.

Hatari ndogo na hatari kubwa

Sindano ya uzazi wa mpango ndiyo mada inayoleta kelele nyingi kuliko zote, basi tuihesabu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake karibu milioni 1.8, ulikuta njia za homoni zikiongeza hatari kwa asilimia 20. Ukiisikia namba hiyo redioni utaogopa. Lakini asilimia 20 ya kitu kidogo ni kidogo: ilikuwa mgonjwa 1 wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia njia hizo kwa mwaka, na hatari hupungua baada ya kuacha. Kwa wanawake 100,000 hao ni 13. Weka hapo pembeni vifo 189 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Uganda, kwa mujibu wa utafiti wa 2022. Anayemshauri dada yake aache sindano kwa kuogopa saratani, bila kumpa njia nyingine, anampeleka kwenye hatari kubwa zaidi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti ndiye asiyepaswa kutumia njia za homoni, na hilo daktari wake atalisema.

Pombe, kwa upande mwingine, haipigiwi kelele yoyote. Ni kisababishi kilichothibitishwa. Kinywaji kimoja kila siku huongeza hatari kwa takribani asilimia 7 hadi 10, na viwili huongeza zaidi. Mwili hautofautishi waragi na mvinyo wa hotelini, wala malwa inayonywewa kwa mrija na bia ya chupa. Kinachohesabiwa ni alkoholi. Unene nao huhusika zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu ovari zikishaacha kazi, mafuta ya mwili huwa chanzo kikuu cha estrojeni. Kutembea na kazi ya mikono hupunguza hatari.

Urithi huogopwa kupita kiasi na kueleweka chini ya kiasi. Ni asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani za matiti zinazotokana na hitilafu ya jeni iliyorithiwa, hasa BRCA1 na BRCA2. Mwenye hitilafu hiyo yuko hatarini kweli: zaidi ya nusu ya wanawake walio nayo huugua katika maisha yao. Lakini wagonjwa wengi hawana mama wala dada aliyewahi kuugua. Kosa la kawaida ni kuuliza upande wa mama peke yake. Jeni hizi hupita kwa baba vilevile, kwa hiyo shangazi anahesabika sawa na mama mdogo. Ukoo wa kutilia shaka ni ule wenye wagonjwa kadhaa, walioanza kuugua kabla ya miaka 50, au wenye saratani ya ovari, au wenye mwanaume aliyeugua titi.

Ndiyo, mwanaume. Ni kama mgonjwa 1 kati ya 100, au pungufu ya hapo, lakini titi lake ni dogo na saratani haina safari ndefu kufika kwenye ngozi na misuli. Kiswahili cha Uganda kimelelewa katika kambi za jeshi, basi niseme kwa afande anayesoma: kinundu kigumu nyuma ya chuchu si msuli.

Virusi vya UKIMWI havijaonekana kuongeza uwezekano wa kupata saratani hii, ila wanaoishi navyo hufa zaidi wakiipata. Deodoranti, sidiria yenye waya na kupigwa ngumi kifuani havisababishi. Ngumi humfanya mtu aguse titi lake, akakuta kilichokuwapo siku nyingi.

Dalili, na mtego wa maumivu

Tumezoea kupima uzito wa ugonjwa kwa maumivu. Kinachouma kinapelekwa hospitali, kisichouma kinasubiri mavuno yauzwe. Kwa saratani ya matiti kipimo hicho kimegeuzwa juu chini. Maumivu peke yake, hasa yale ya matiti yote mawili yanayokuja kabla ya hedhi, mara chache sana huwa saratani. Kinundu cha saratani kwa kawaida hakiumi mwanzoni. Huwa kigumu, kingo zake haziko sawa, na hakisogei vizuri ukikisukuma. Maumivu yakija, mara nyingi ugonjwa umeshasonga mbele.

Vinundu vingi si saratani, na hilo lisemwe kwa sauti ileile. Msichana wa miaka 20 mwenye kinundu laini cha mviringo kinachokimbia chini ya kidole huenda ana uvimbe usio na madhara uitwao fibroadenoma. Wengine wana vifuko vya maji, au uvimbe unaokuja na kwenda na hedhi. Tatizo ni kwamba kidole hakiwezi kutofautisha kwa uhakika, si chako wala cha daktari bingwa. Kinundu kipya ambacho bado kipo baada ya hedhi moja kupita kinahitaji kipimo, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hakuna cha kusubiri.

Kinundu si dalili pekee. Tazama ngozi: ikibonyea ndani sehemu moja unapoinua mikono, au ikivimba na kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, kuna kitu kinaivuta au kinaziba mishipa ya limfu chini yake. Chuchu iliyokuwa imesimama maisha yote ikiingia ndani, hilo ni badiliko. Iliyozaliwa imeingia ndani si kitu. Damu au majimaji yanayotoka yenyewe kwenye chuchu moja ni ya kuchunguzwa. Ukurutu wa chuchu moja usiopona kwa krimu, hata kama unaonekana ni upele tu, unaweza kuwa saratani iitwayo ugonjwa wa Paget. Titi moja kukua au kubadilika umbo ghafla. Tezi ngumu kwapani, hata kama titi lenyewe linaonekana zima.

Na yule mama aliyejifungua mwaka jana? Titi lake likiwa jekundu, la moto na limevimba, karibu kila mara ni maambukizi, na dawa za kuua bakteria huyaponya. Lakini ipo saratani inayolivimbisha titi na kujifanya hivyohivyo, mara nyingi bila homa. Duka la dawa litamuuzia dozi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kanuni ya kushika ni fupi: likikosa kupona baada ya dozi moja kamili, ndani ya wiki moja au mbili, aende kupigwa ultrasaundi. Kunyonyesha hakuzuii kipimo hicho.

Je, mtu ajipime kila mwezi? Kwa miaka mingi tulifundishwa michoro ya duara na siku maalumu. Huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa, nusu wakafundishwa kujipima, na matokeo ya mwaka 2002 hayakuonyesha vifo kupungua. Kilichoongezeka ni upasuaji wa vinundu visivyo na madhara. Mumbai walijaribu njia nyingine: wahudumu wa afya waliofunzwa wakawapima wanawake kwa mikono kila miaka miwili. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha saratani zikikamatwa mapema zaidi, na vifo vikipungua kwa karibu asilimia 30 kwa waliovuka miaka 50. Kwa nchi isiyo na mpango wa mamografia, yaani eksirei ya matiti, kwa wote, mkono wa sista aliyefunzwa katika kituo cha afya cha daraja la III una maana kubwa kuliko mashine iliyo Kampala. Wewe jua tu matiti yako yalivyo unapooga, ili uone yakibadilika. Na ukienda kliniki kwa jambo lolote, mwombe sista akupime kifua.

Wiki zinakoishia

Utafiti uliofuata wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba baada ya miaka 3 nusu tu ya wanawake walikuwa hai. Chanzo kikubwa kilikuwa hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia walipogunduliwa.

Kuchelewa si ujinga wa mwanamke, ingawa mabango mengi humlaumu yeye. Mwanamke wa Arua anaanza na majani, kisha duka la dawa, kisha kituo cha afya ambako anapewa dawa za maumivu, kisha hospitali ya rufaa, kisha basi la karibu kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Kila hatua ina nauli yake, na ina mtu wa kuachiwa watoto. Vituo vya mikoa kama cha Mbarara vimefunguliwa ili kufupisha safari hiyo. Mwezi Aprili 2016 mashine pekee ya tibamionzi nchini iliharibika kabisa, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Hilo liligusa hata uamuzi wa upasuaji, kwa sababu anayetolewa kinundu peke yake bila titi zima huhitaji mionzi baadaye. Pasipo mionzi ya uhakika, titi zima huondolewa.

Halafu kuna hofu ya sindano: "Wakikuchoma tu, inasambaa." Imani hii ina mizizi inayoeleweka. Watu wanaona jirani amechomwa sindano ya kipimo, na baada ya miezi michache amezikwa. Lakini alifika ugonjwa ukiwa umeshatembea. Sindano ilikuta, haikuleta. Bila kile kinyama kidogo kinachotolewa na kupelekwa maabara, hakuna daktari anayeweza kusema kwa uhakika kama kinundu ni saratani, wala ni ya aina gani.

Aina ndiyo inayoamua dawa. Muulize daktari kama kinyama kitapimwa vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni, na HER2. Saratani yenye vipokezi vya homoni hutibiwa kwa vidonge vya tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi, na vidonge hivyo hupunguza vifo kwa karibu thuluthi moja katika miaka 15. Kwa saratani hasi tatu havina kazi. Anayeanza dawa bila kipimo hicho anabahatisha.

Omba nakala ya majibu ya maabara na uitunze mwenyewe, kwa maana faili hupotea ukihama hospitali. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Andika tarehe hiyo nyuma ya kadi ya kliniki. Wiki tatu zikipita hujapata majibu ya kinyama, rudi ukaulize, au umtume mtu akaulize kwa jina na namba yako.